Tusingoje Ute wa Mifupa Huku Vidonda Vikioza

Kwa muda sasa yamekuwapo mazungumzo katika mesi za maofisa, na hata katika mabweni ya askari, juu ya ute mpya wa kitabibu ambao yasemekana waweza kumiminwa ndani ya mfupa uliosagwa na risasi, ukawaua vijidudu vya usaha, na papo hapo ukauita mfupa mpya uje uote mahali pa ule uliopotea. Wataalamu huuita haidrojeli. Wapo wenzetu waliokwisha kuulizia bei yake. Wapo pia wanaosema kwamba madhali dawa hiyo imekwisha kuvumbuliwa, ile haraka ya zamani ya kumkimbiza majeruhi haina tena haja kubwa. Hao wa pili ndio waliotufanya tushike kalamu.

Sisi si waganga. Tulipokuwa katika chuo cha makadeti tulifundishwa ramani, silaha, kwata na sheria za jeshi. Huduma ya kwanza ilipewa alasiri chache, ambazo wengi wetu tulizipitisha kwa kusinzia. Lakini kazi ya uhusiano imetupeleka mara nyingi wodini kuwajulia hali majeruhi, na tangu vikosi vyetu vilipoingia Mogadishu mwaka 2007 hatujakosa wa kumjulia hali. Huko ndiko tulikojifunza yale tuliyoyasinzilia.

Yupo koplo mmoja, ambaye jina lake hatulitaji kwa heshima yake. Alipigwa risasi ya muundi wa mguu wa kushoto. Mahali alipofikishwa kwanza kidonda kilipanguswa juu juu, kikashonwa siku ile ile, kikafungwa bendeji nyeupe iliyopendeza macho. Siku ya nane mguu ulivimba ukawa kama gogo. Ulipofunguliwa ulitoa usaha na vipande vya kitambaa cha suruali yake ya sare. Tangu hapo amepasuliwa mara tano, na sasa ni mwaka wa nne. Chini ya goti lipo tundu dogo lisilokubali kuziba; hulala miezi miwili, kisha huamka na kutiririka, na mara moja moja hutoa kipande cha mfupa mfano wa punje ya mchele. Amepewa kazi nyepesi ya ghalani. Kila asubuhi hukunja kipande cha kanga ya mkewe akakitia ndani ya suruali ili sare isilowe mbele ya wakubwa. Katika vitabu vya kikosi ameandikwa kuwa amepona.

Wasomaji wetu watauliza: mbona dawa alikunywa? Naam, alikunywa kwa makopo. Taabu ni kwamba mfupa si kama nyama. Dawa ya kumeza au ya sindano husafiri kwa damu, na kipande cha mfupa kilichopasuka kikatengana na mwili hakina damu tena. Ni maiti ndani ya mtu aliye hai. Vijidudu hujibanza juu yake, hasa kile kiitwacho stafilokoki, vikajifunika utando wa ulimbo ambao askari wa mwili hawaupenyi, na dawa haiupenyi ila kwa shida. Isitoshe, mfupa wenyewe una vijifereji vyembamba mno vipitishavyo chakula cha chembe zake, na mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwa hadubini kwamba stafilokoki hujibinya na kuingia hata humo. Adui aliyechimba handaki namna hiyo hafukuzwi kwa kupiga mizinga kutoka mbali.

Jambo hili lilikwisha kuonekana zamani, na walioliona walikuwa waganga wa jeshi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Boulogne, Ufaransa, Alexander Fleming, yule yule aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alikuwa akichunguza vidonda vya askari wa Kiingereza. Alitengeneza mrija wa kioo, akauvuta ubavu wake ukawa na miiba mingi mitupu ndani, mfano wa kidonda cha kombora chenye vichochoro. Akautia vijidudu, kisha akaujaza dawa kali za kuua vijidudu zilizokuwa zikisifiwa siku zile. Alipoimwaga dawa na kutia majimaji safi, vijidudu viliota upya kutoka ndani ya miiba. Dawa haikufika kwenye vichochoro. Na ilikofika iliua pia chembe nyeupe za damu zilizokuwa zikimpigania majeruhi. Waganga wa mstari wa mbele, miongoni mwao Antoine Depage wa Ubelgiji, walifikia hitimisho lile lile kwa njia ya kisu: nyama iliyokufa ikatwe yote, nguo na udongo vitolewe, kidonda kiachwe wazi, na kishonwe baadaye kikiwa kisafi. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu wakati huo, na koplo wetu alishonwa siku ya kwanza.

Tukilijua hilo ndipo tunapoweza kuutazama huu ute bila kulewa sifa zake.

Mganga akishakata kila kilichokufa, hubaki na pengo. Katika mfupa wa muundi pengo hilo laweza kuwa la sentimita tano au zaidi, na pengo tupu ndani ya mwili hujaa damu iliyolala, ambayo ni chakula kizuri cha vijidudu. Kulijaza na kulilinda ndiyo kazi. Mwaka 1970, mjini Hamburg, Ujerumani, daktari Buchholz na wenzake walitangaza kwamba wamechanganya antibiotiki ya gentamisini na saruji ya mifupa, ile plastiki ngumu ya jamii moja na ya meno ya bandia, ili dawa itoke pole pole pale pale panapohitajika. Katika miaka iliyofuata Wajerumani waliifinyanga saruji hiyo ikawa shanga, wakazitunga katika uzi wa chuma, wakazipanga ndani ya pengo kama tasbihi. Ilikuwa hatua kubwa. Dawa iliyo kidondani hupata nguvu mara nyingi kuliko ile ipitayo katika damu, bila kuyaumiza mafigo. Lakini saruji haiyeyuki. Sharti mtu apasuliwe tena kuitoa. Nayo hujipasha moto inapoganda, hivyo antibiotiki zisizostahimili joto haziwezi kutiwa humo. Na dawa ikishakwisha kutoka, shanga zile hugeuka kuwa mawe tu, nayo mawe ni makao mapya ya adui.

Ute umekuja kuyajibu hayo. Haidrojeli ni mtandao wa nyuzi ndogo sana zilizoshikana na kunywa maji mengi bila kuyeyuka mara moja. Ukiishika ni kama bamia iliyopikwa ikapoa. Wanasayansi Wichterle na Lím wa Prague waliitangaza mwaka 1960, na kazi yake ya kwanza kujulikana duniani ilikuwa ni ile miwani laini ivaliwayo ndani ya jicho. Leo nyuzi zake hutengenezwa kwa vitu vingi: jelatini ya ngozi na mifupa ya wanyama, kitosani itokanayo na magamba ya kamba na kaa, na aljineti itokanayo na mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi. (Mwani ulimwao Zanzibar ni wa jamii nyingine, nao hutoa karajini.) Ndani ya mtandao huo hutiwa antibiotiki, au chembe za fedha, au virusi vilavyo bakteria, tena huongezwa unga wa madini yale yale ya chokaa na fosfeti yaliyo katika mfupa wetu, ili chembe zijengazo mfupa zikifika zijione ziko nyumbani. Ute hupitishwa kwa sindano, ukajaza kila kichochoro. Laiti Fleming angekuwa nao, ile miiba ya kioo isingemshinda kirahisi. Kisha huyeyuka wenyewe, pasipo upasuaji wa pili.

Hizo ndizo sifa, nazo si uongo. Lakini ute huu umepewa amri mbili zinazogombana. Umeamriwa kuua na umeamriwa kulea. Fedha ikizidi huziua na chembe za mfupa. Gentamisini ikiwa nyingi kupita kiasi huzuia zisiongezeke. Vile vile unatakiwa utoe dawa nyingi siku za mwanzo, vijidudu vingali vinatafuta pa kushika, kisha uendelee kutoa kidogo kidogo kwa majuma; kumbe tabia ya maji ni kutoa karibu yote mara moja, na yale mabaki hafifu yanayochelewa ndiyo yanayowazoeza vijidudu kuvumilia dawa. Tena ni laini. Muundi hubeba mwili wa mtu pamoja na bunduki na mzigo wake, na hakuna ute ubebao mzigo huo. Chuma kitahitajika vile vile.

Aghalabu taarifa tunazosimuliana mesini zatoka kwa panya na sungura. Panya hutobolewa fuvu tundu la milimita chache, ute ukatiwa, mfupa ukaota, picha nzuri zikachapishwa. Hatuidharau kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo mlango wa kila dawa. Lakini fuvu la panya halipigi kwata.

Kwa binadamu ushahidi upo, ila ni mdogo na wa namna yake. Mwaka 2017 zilitangazwa habari za wagonjwa 256 wa hospitali tano za Ulaya waliotiwa vyuma baada ya kuvunjika mifupa pasipo ngozi kutoboka. Nusu yao vyuma vilipakwa ute wenye antibiotiki, nusu havikupakwa. Wasiopakwa, 6 walipata usaha. Waliopakwa, hakuna hata mmoja. Ni habari njema, lakini msomaji aangalie: ute ule ulipakwa juu ya chuma ukayeyuka kwa siku chache, haukujaza pengo, na majeraha yale hayakuwa ya risasi. Mwaka mmoja kabla, madaktari wa Oxford walieleza juu ya wagonjwa 100 wa usaha sugu wa mfupa ambao mapengo yao yalijazwa baada ya kukatwa kila kilichokufa. 96 walipona usaha. Lakini kilichowajaza hao kilikuwa rojo la madini lenye gentamisini, ambalo huganda, wala si haidrojeli. Nao walikuwa mikononi mwa wapasuaji mabingwa wa maradhi hayo, jambo ambalo halinunuliwi pamoja na chupa.

Mapengo makubwa bado hutibiwa kwa njia za watu wavumilivu. Gavriil Ilizarov, wa Kurgan katika Siberia, alifundisha tangu miaka ya 1950 kuuvuta mfupa kwa pete na nyaya, milimita 1 kwa siku, mpaka ukazaliwa mwingine nyuma yake. Mruka juu mashuhuri wa Kisovieti Valeriy Brumel aliponywa mguu kwake baada ya ajali ya pikipiki ya mwaka 1965. Naye Masquelet wa Ufaransa huweka saruji pengoni majuma sita hadi manane, mwili ukaizungushia ngozi yake, ndipo akaitoa na kutia mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Ni kazi ndefu. Sisi twataja tu ili asiwepo askari atakayeambiwa kwamba pasipo ute hana ila kukatwa.

Sasa tuzitazame hesabu ambazo hazizungumzwi mesini. Mwaka 1974 Patzakis na wenzake wa Marekani walieleza majaribio ya wagonjwa 310 waliovunjika mfupa ukatoboa ngozi. Wasiopewa antibiotiki, asilimia 13.9 walipata usaha. Waliopewa dawa ya jamii ya sefalosporini, asilimia 2.3. Hakuna ute ulioonyesha tofauti ya namna hiyo kwa majeraha ya namna hiyo, nayo ilipatikana kwa sindano ya kawaida. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unaagiza dawa hiyo itolewe, ikiwezekana, ndani ya saa 1. Jeshi la Marekani limewapa askari wake kifurushi chenye moksifloksasini ya miligramu 400, ambacho majeruhi mwenye fahamu hukimeza pale pale alipoangukia.

Juu ya kuosha, mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi wa watu 2,447, wote wenye mfupa uliotoboa ngozi. Walioshwa kwa sabuni walirudishwa kupasuliwa kwa asilimia 14.8, na walioshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kwa asilimia 11.6. Pampu ya nguvu haikuyashinda maji yamiminwayo taratibu kutoka katika mfuko ulioning'inizwa. Ama unga wa vankomisini, ambao haukufungwa katika ute wowote ila hunyunyizwa tu kidondani, mwaka 2021 Wamarekani waliripoti kuwa ulipunguza usaha wa ndani kutoka asilimia 9.8 hadi 6.4 kwa watu 980 waliovunjika vibaya mfupa wa muundi karibu na goti au kifundo, ingawa uliviacha salama vijidudu vya jamii nyingine. Na hapa jirani, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari wamefanya jaribio la gentamisini itiwayo moja kwa moja kidondani kwa wenye muundi uliotoboa ngozi. Hayo ndiyo tungependa yaulizwe bei kwanza.

Ndugu polisi nao wasidhani tunasema na wanajeshi peke yao. Risasi ni chache. Pikipiki ni nyingi. Bodaboda ikigongana na lori, aghalabu anayefika kabla ya daktari ni konstebo, na mkononi mwake umo mguu wa mtu kwa miaka yote iliyobaki. Azuie damu kwanza. Mfupa uliotokeza usisukumwe ndani. Mafuta, majivu na majani yasitiwe. Kidonda kifunikwe kitambaa safi, mguu ufungwe banzi kama ulivyolala, na saa ya ajali iandikwe kwenye kipande cha karatasi kiende pamoja na majeruhi, kwani daktari ataihitaji. Kumtupa nyuma ya gari mguu ukining'inia ni kumvunja mara ya pili.

Tena tuache tabia ya kununua antibiotiki dukani kwa kila kikohozi na kuzikatiza siku ya pili. Tangu mwaka 2003 majeruhi wa Kimarekani waliotoka Iraki walionekana na kijidudu kiitwacho asinetobakta, ambacho dawa nyingi hazikukiweza. Na walipochunguza sana, kilikuwa kimejenga katika hospitali za vita zenyewe, si katika udongo wa jangwani. Ute wowote utakaoletwa utabeba dawa hizi hizi. Tukizichosha leo, utakuja na bunduki isiyo risasi.

Limebaki jambo moja, nalo kwetu sisi ni zito kuliko bei. Ute huu utakapovuka kutoka kwa panya kuja kwa watu, watatafutwa watu wenye mapengo ya mfupa, wengi, mahali pamoja, wenye kumbukumbu nzuri, wasiotoroka miadi. Hao ni askari. Tusilikatae jaribio, mtu lazima atangulie, na kama dawa itatufaa sisi si haki watangulie wengine peke yao. Lakini askari amezoezwa kuitikia "ndiyo afande" kabla hajasikia mwisho wa sentensi. Katika Porton Down, Uingereza, kijana wa jeshi la anga aitwaye Ronald Maddison, mwenye umri wa miaka 20, alikufa mwaka 1953 baada ya kudondoshewa sumu ya sarini mkononi katika majaribio; wenzake kadhaa waliopita hapo wamesema walidhani wamejitolea kwa uchunguzi wa mafua. Mwaka 2004 ndipo baraza la mahakama lilipoamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa kwanza mwaka 1964, linataka kwamba pale mgonjwa alipo chini ya mamlaka ya mwingine, ridhaa yake iombwe na mtu asiyehusika kabisa na mamlaka hayo. Kwa lugha ya kambini maana yake ni kwamba kamanda atoke chumbani, mganga wa kikosi naye atoke, na karatasi iletwe na raia, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, pamoja na muda wa kuipeleka kwa mkewe.

Mwezi uliopita tulimweleza koplo wetu habari za ute huu, naye alisikiliza mpaka mwisho huku akiupapasa mguu. Hakuuliza kama unaponya. Aliuliza, "Afande, ukifika, mimi nitaamriwa au nitaulizwa?" Tulimjibu kwamba ataulizwa. Ahadi hiyo hatukuwa na mamlaka ya kuitoa, na ndiyo maana tumeiandika hapa, mahali ambapo wenye mamlaka wataisoma.